Kivuli cha Madina na Mikono ya Binti Zetu

Waliojaaliwa kuzuru Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina hurudi wakitusimulia miavuli ya uwanjani. Ni 250, na kila mmoja una upana wa zaidi ya mita 25. Mchana hukunjuliwa taratibu kwa mtambo, ikawakinga waumini na jua. Jioni hukunjwa ikawa mfano wa nguzo, na taa zake zikauangaza uwanja. Imepishanishwa kimo ili ncha zisigongane, na kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi zisizochakazwa upesi na jua.

Aliyeibuni ni Mahmoud Bodo Rasch, msanifu majengo Mjerumani aliyesilimu. Tuzingatie basi: kumpatia mwenye kusujudu kivuli kulihitaji hesabu, ufumaji na ufundi wa mitambo.

Kwa hivyo, binti anapoufungua mwavuli mbovu wa nyumbani ili aone unavyokunjuka, tusimkemee kuwa hiyo ni kazi ya wavulana. Tumpe bisibisi, tukae naye. Huenda kesho akawawekea kivuli watoto wa madrasa, ikawa ni sadaka yake yenye kuendelea, inshallah.

Wabillahi tawfiq.