Kitovu cha Beseni

Katika soko la Arua mabeseni hupangwa moja ndani ya jingine hata yakafanya minara ya rangi nyekundu, buluu na kijani. Mke wa askari, mwenye fedha za beseni moja tu mkononi, huchagua kwa rangi, hulipa, huenda zake. Mwezi haujaisha, beseni limepasuka katikati ya kitako na maji ya kumwogeshea mtoto yamemwagika. Ikiwa yalikuwa ya moto, hasara si ya shilingi peke yake. Hapo hulaumiwa mtumishi, au aliyelianika juani. Lakini huenda kosa lilifanyika zamani, katika sekunde chache za kiwandani, beseni lilipokuwa likizaliwa.

Ushahidi wake hauko mbali. Beseni likipinduliwa, huonekana katikati ya kitako alama ndogo ya mviringo, yenye kukwaruza kidole. Hicho ndicho kitovu cha beseni, yaani mlango ambamo plastiki iliyoyeyuka ilipita kuingia katika kalibu.

Plastiki hufika kiwandani ikiwa punje ndogo mfano wa mchele. Punje humiminwa katika faneli, zikashuka ndani ya bomba nene la chuma lililozungushiwa vipasha moto vya umeme. Humo mna parafujo kubwa, mithili ya ile ya mashine ya kusagia nyama. Ikizunguka husukuma punje mbele, nazo husuguana na kupata moto hata zikawa uji mzito. Mabeseni mengi ni ya plastiki iitwayo polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za sentigredi, na kiwandani hupashwa hata ikapita 200. Uji ukishatosha, parafujo huacha kuzunguka, nayo yote husukumwa mbele kwa nguvu, kama daktari asukumavyo dawa katika bomba la sindano.

Kalibu ni mapande mawili ya chuma: moja lina umbo la nje la beseni, la pili umbo la ndani. Uwazi mwembamba uliopo kati yao ndio utakaokuwa beseni. Mapande hayo hubanwa kwa nguvu ya mamia ya tani, la sivyo plastiki ingeyatenganisha ikavuja. Mlango huwekwa katikati ya kitako ili uji uenee pande zote na kufika ukingoni kwa wakati mmoja. Hapana budi uende upesi, kwani kalibu hupoozwa kwa maji, na plastiki inayogusa kuta huanza kuganda papo hapo, hali ile ya katikati ingali ikitiririka. Hewa nayo lazima ipate mianya ya kutokea. Ikizuiwa hubanwa, hupata moto mkali na kuunguza plastiki.

Kalibu ikijaa, kazi haijaisha. Plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo parafujo huendelea kushindilia mpaka mlango wenyewe ugande. Hapo ndipo haraka huharibu kazi. Msimamizi atakaye mabeseni mengi kwa saa moja hupunguza muda wa kushindilia na wa kupoza. Beseni hutoka likionekana zima, kumbe limebonyea na kudhoofika penye kitovu. Na akishindilia kupita kiasi, huacha mkazo uliofungwa pale pale, ambao siku moja hufunguka ukawa ufa.

Mtambo wa kwanza wa namna hii ulipewa hataza Marekani mwaka 1872, kwa jina la John Wesley Hyatt na nduguye Isaiah. Hyatt alikuwa ametafuta kitu cha kushika nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi. Nchi ya Arua na Koboko yazijua pembe hizo. Ilikuwa sehemu ya Lado, ambako wawindaji wa ndovu walijazana mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya West Nile kutiwa katika Uganda mwaka 1914. Leo plastiki imechukua nafasi ya chungu na kibuyu katika nyumba nyingi za Ayivu.

Basi mnunuzi na alipindue beseni kabla ya kutoa fedha. Kwanza, apitishe kidole kwenye kitovu: kisiwe na shimo wala ufa wa mfano wa nyota. Pili, ikiwa rangi ni nyepesi, aliinue kuelekea jua, maana panapopenya mwanga kuliko pengine ndipo palipo pembamba. Tatu, atafute mstari mwembamba kama unywele, hasa penye vishikio. Hapo mikondo miwili ya plastiki ilikutana ikiwa imekwisha kupoa, isishikane barabara. Nne, abonyeze ukingo: beseni jema hupinda likarudi, bovu hulia kama litakalo kukatika. Dumu la maji halina kitovu hiki, kwa kuwa hupulizwa kama puto ndani ya kalibu; lake ni kuchunguzwa mshono wa kitako.

Nyumbani, beseni likae kivulini, kwa sababu jua hulifanya kuwa kavu na jepesi kuvunjika. Wakati wa kumwogesha mtoto, maji ya baridi yatangulie, ya moto yafuate. Na beseni lililozibwa ufa kwa kisu cha moto lisibebe tena maji ya moto, kwa kuwa kiraka hakishikani kama plastiki iliyoingia katika kalibu kwa mkupuo mmoja. Libaki la kuwekea nguo.

Muuzaji mwungwana hachukii kuona bidhaa yake ikipinduliwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mama aliyekwisha kukitazama kitovu hadanganywi na rangi.