MBA SI UCHAFU

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni mba.

Sweta yetu ni ya buluu iliyoiva, na juu ya buluu mba haijifichi. Mtu akijikuna kidogo tu, mabega yamejaa chembe nyeupe, na kabla ya kengele ya mapumziko ameshapewa jina. Darasani mwetu yuko mmoja anayeitwa "Mlima Kenya" tangu kidato cha pili, ati kileleni hakukosi theluji. Yeye hucheka pamoja na wenzake. Lakini mimi hukaa naye dawati moja. Najua huoga kila asubuhi, na najua aliacha kuinua mkono kujibu maswali, kwani anayesimama hutazamwa na wote walio nyuma.

Mba si uchafu. Juu ya kichwa cha kila mtu, hata cha mwalimu wa zamu (aniwie radhi), huishi kuvu ndogo sana ya jamii ya hamira. Chakula chake ni mafuta yanayotoka katika ngozi. Tunapobaleghe mafuta hayo huongezeka, ndiyo maana wengi wetu tunaiona mba tukiwa sekondari. Kuvu ikishakula huacha masalio ambayo ngozi za watu wengine hazivumilii, basi ngozi huwasha na kubambuka upesi.

Sasa tazameni tunayofanya nyumbani. Kichwa kikiwasha tunaambiwa kimekauka, nasi tunakipaka mafuta. Si huko ni kumpakulia mgeni tunayetaka aondoke? Wengine hutumia mafuta ya taa. Jamani! Yale huunguza ngozi, na jikoni kuna moto. Limau nalo juu ya ngozi iliyochubuliwa kwa kucha, huo ni uchungu wa bure.

Kinachosaidia ni shampuu ya dawa kutoka kwa kemisti, yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi. Wengi huipaka na kuisuuza papo hapo, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi. Isugue mpaka ifike kwenye ngozi, iache kama dakika 5, ndipo usuuze. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4, ukifuata maandishi ya chupa. Mtasema ni ghali, na ni kweli. Lakini kwa nywele fupi kama zetu chupa moja hukaa, na karai moja la maji latosha. Mba ina tabia ya kurudi. Ikirudi, anza tena.

Ukiona mabaka yasiyo na nywele, au usaha, nenda zahanati. Hayo huenda ni mapunye, ambayo huambukizwa kwa vichanuo na mashine za kinyozi, na huhitaji dawa ya kumeza.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Wakati wa ukaguzi wa usafi gwarideni, mwenye mba asitolewe mbele pamoja na wenye kucha ndefu. Aitwe kando, aulizwe anatumia dawa gani. Mwenye kucha atazikata jioni hiyo hiyo. Mwenye mba, hata akianza dawa leo, huenda akaja gwaride la Jumatatu ijayo na mabega yale yale.