Mpangilio wa Maandishi ni Sehemu ya Somo la Lugha

Katika skuli moja ya Unguja niliyopata kufundisha, mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alitunga jaribio la Kiswahili la darasa la nne. Maswali yake yalikuwa mazuri. Aliyaandika usiku kwa kompyuta, akayapanga majibu A, B, C na D katika safu nne kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi, mpaka yakalingana machoni pake. Asubuhi jaribio lile lilifunguliwa katika kompyuta nyingine isiyokuwa na aina ile ya herufi, likachapishwa na kurudufiwa bila ya kutazamwa. Jibu D la swali la tatu likaangukia mstari wa swali la nne, na majibu mengine yakatengana na herufi zake. Watoto waliojua jibu wakakosa alama. Mwalimu yule akasikitika, akasema, "Kompyuta imeniharibia kazi." Kwa hakika kompyuta haikuharibu kitu. Ilitii ilivyoambiwa, na sisi tuliomfunza ndio ambao hatukumweleza namna ya kuiambia.

Rai yangu ni kwamba kupanga maandishi, yaani kugawa aya, kuweka vichwa vya habari, pambizo, orodha na majedwali, si kazi ya karani wala si pambo. Ni sehemu ya somo la lugha. Kwa hiyo yapasa lifundishwe chuoni na mwalimu wa lugha, wala asiachiwe mwalimu wa kompyuta peke yake.

Kosa la kitufe cha nafasi lina asili yake. Katika taipureta nyingi kila herufi ilichukua upana ule ule: i ilikuwa pana sawa na m. Mpiga chapa aliyetayarisha stensili aliweza kuhesabu nafasi tano mwanzoni mwa aya, au ishirini baina ya safu na safu, na hesabu yake ikatimia. Kengele ilipolia karibu na ukingo, alisukuma gari la mashine na kuanza mstari mpya. Huo ulikuwa ustadi wa kweli, na waliotufundisha walituachia urithi huo. Lakini katika kompyuta herufi nyingi hazina upana sawa, na mstari hujikata wenyewe ufikapo pambizoni. Kitufe cha kuteremsha mstari hakina tena maana ya "mstari umejaa". Maana yake sasa ni "aya imekwisha". Anayekibonyeza mwishoni mwa kila mstari anaiambia mashine kwamba ameandika aya ishirini za maneno manane manane, naye atashangaa ukurasa utakapovurugika baada ya kuongeza neno moja tu.

Ndugu mwalimu, ukipangiwa kufundisha katika skuli za pwani ya mashariki, teremka ufukweni Paje wakati maji yamekupwa. Hapo ndipo, pamoja na Jambiani, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza katika Unguja mwaka 1989. Utawaona wakulima, wengi wao akina mama, wakipigilia vigingi mchangani, wakivuta kamba baina ya kigingi na kigingi, kisha wakifunga vichipukizi vya mwani katika kamba hizo. Hakuna anayeweka kichipukizi mchangani na kutumaini kwamba bahari itakiacha mahali pake. Nafasi tupu katika maandishi ni mwani usiofungwa: maji yakijaa, kila kimoja huenda njia yake. Katika programu ya kuandikia vipo vigingi, navyo ni kituo cha kitufe kiitwacho Tab, jedwali, na mtindo wa aya. Ukikiambia kichwa cha habari kwamba "wewe ni kichwa cha habari", kitabaki hivyo katika kila mashine, na ukitaka vichwa vyote viwe vikubwa zaidi utabadilisha mtindo mara moja tu.

Watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ufundi na si ya lugha, nawaomba watazame ushairi wetu. Shairi la kawaida la tarbia lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una vipande viwili vya mizani minane. Wazee walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walitenga kipande na kipande kwa alama, ili msomaji ajue pa kupumua. Mpangilio ulikuwa ni usomaji wenyewe. Mwalimu anayeliandika shairi kwa kompyuta na kuacha vipande vyake viyumbe amemnyima mtoto kuona vina vya kati vikisimama chini kwa chini, na kuviona ni nusu ya kuvielewa.

Tazameni pia urefu wa maneno yetu. Neno moja kama "hatukuwaandikia" hubeba sentensi nzima. Tukiiamuru mashine inyooshe maandishi pambizo zote mbili, na mashine haijui kuyakata maneno ya Kiswahili kwa silabi, neno refu husukumwa mstari wa chini na maneno yaliyobaki juu hutawanywa ili kuujaza mstari. Msomaji mzima huvumilia. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwamba nafasi hutenga neno na neno, hupotea. Kwa vitabu na karatasi za wadogo ni bora kunyoosha upande wa kushoto tu, na kuacha upande wa kulia ukatike utakapokatika.

Yapo mambo mengine machache ambayo kila mwanachuo angepaswa kuyakagua kabla ya kuandika neno la kwanza. La kwanza ni karatasi. Sisi twatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297, lakini mashine nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana zaidi na ni fupi kwa milimita 18. La pili ni lugha. Mashine ikidhani kwamba unaandika Kiingereza, itapigia mstari mwekundu takriban kila neno, nawe utazoea kuudharau hata pale ulipokosea kweli. La tatu ni kiasi. Aina moja ya herufi, au mbili kwa uchache wa haja, zinatosha. Fremu za maua na rangi tano katika karatasi ya mtihani humchosha mtoto na hula wino wa skuli.

Nimesikia hoja kwamba skuli zetu nyingi hazina kompyuta za kutosha, na kwamba maagizo ya mashine ni ya kigeni. Hoja ya pili ilikwisha jibiwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maagizo ya Kiswahili. Ama hoja ya kwanza, ni ya kweli, lakini haidhuru somo hili. Chukua barua rasmi, uikate vipande: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, maamkizi, kichwa kinachoanza kwa "Yah:", aya tatu, na kimalizio chenye sahihi. Wape wanafunzi vipande hivyo wavipange juu ya dawati, na kila kundi lieleze kwa nini aya hii imetangulia ile. Mtoto aliyejua kwamba aya ni wazo moja lililokamilika hatapata taabu siku atakapokutana na kitufe cha kuteremsha mstari.

Tusisahau mwalimu wa msingi ni nani kijijini. Yeye bado huombwa kuandika kumbukumbu za kamati ya skuli, maombi ya kisima, na barua ya kikundi cha wakulima wa mwani kinachotaka kusikilizwa kuhusu bei. Barua hiyo hufika juu ya meza yenye barua nyingine nyingi. Ikiwa ombi limezikwa katikati ya aya moja ya ukurasa mzima, mwenye haki aweza kukosa jibu kwa sababu ya mkono wa mwandishi wake. Ikiwa kichwa kiko wazi, kila aya ina neno lake, na takwimu zimo katika jedwali, anayesoma hana udhuru wa kusema kwamba hakuelewa.

Basi, mwanachuo, kabla hujaikabidhi karatasi kwa watoto wa watu, ifungue katika mashine ya pili na uitazame. Ikisimama kama ulivyoiacha, umeifunga kwa kigingi.