Usimlaumu Abiria

Mwanafunzi wangu, utasikia ikisemwa kwamba abiria wa Bujumbura hawana adabu: wanasukumana mlangoni mwa basi, wanakanyagana, vifungo vya shati vinakatika, ndara moja inabaki barabarani. Usiikubali hoja hiyo. Adabu haijazi mafuta katika tangi la basi.

Mnamo Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji ili kupunguza ajali. Usalama ni sababu njema. Lakini mabasi ya kuziba pengo hayakutosha, na mafuta yalipoadimika yakazidi kupungua. Mkazi wa Kinama au Kanyosha akabakiwa na mawili: kugombea kiti au kurudi nyumbani kwa miguu. Mwenye nguvu hupanda. Mjamzito, mzee na mlemavu husalia kituoni.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hamjui angojaye basi. Panga foleni, naam, mpishe mzee. Kisha uliza, kwa Kiswahili fasaha kisicho na matusi: aliyetuondolea pikipiki ametuletea nini badala yake? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni wajibu wa raia.