Kutupa Mshipi si Nguvu, ni Ufundi

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee mshipi wa kuvulia.

Wapo vijana wenzangu wa Dar ambao wikiendi hukimbilia Bagamoyo na fimbo za kuvulia za bei mbaya. Wakifika wanakunja sura, wanatupa kwa nguvu zote, na mshipi unaangukia miguuni umejisokota kama tambi. Lawama? Fimbo mbovu! Mimi nasema tatizo ni papara.

Tazama mshipi wetu wa mkono. Kinachouvuta ni chubwi, kile kipande cha risasi. Unauzungusha, chubwi linapata kasi, unaachia. Ukikosea kidogo tu muda wa kuachia, linapaa juu bure au linajipigia karibu. Ukikurupuka, chambo kinachomoka kwenye ndoano.

Wazungu nao wana uvuvi wa nzi bandia. Chambo chake ni chepesi kama unyoya na chubwi hakuna. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Unarudisha fimbo nyuma, unasubiri mshipi unyooke, ndipo unapeleka mbele na kuisimamisha fimbo ghafla. Asiyesubiri hafiki popote. Na kwenye mto Spey kule Uskoti, ambako miti na kingo humbana mvuvi kwa nyuma, kuna namna ya kutupa bila kuunyoosha mshipi wote nyuma. Ukisimama kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvu utaelewa mara moja faida yake.

Sasa kwa nini napiga kelele? Kwa sababu imani kwamba nguvu inatosha ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea baruti. Mwaka 2015 watafiti waliopita pwani yetu na vinasa sauti vya chini ya maji walinasa milipuko 318 katika saa 231 za kurekodi, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar. Bagamoyo imo humo humo. Doria za miaka iliyofuata ziliipunguza sana, lakini doria haimfundishi mtu kazi. Baruti huvunja matumbawe na kuua hata vifaranga vya samaki. Mshipi huchukua samaki mmoja mmoja, na bahari inabaki na kitu cha kesho.

Ombi langu ni dogo. Pale Mbegani kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Ianzishwe darasa la wikiendi kwa yeyote anayetaka kujifunza kutupa, na wazee wa mshipi wawe walimu wanaolipwa. Tunawalipa makocha wa gym bila kunung'unika, kwa nini tusimlipe mzee aliyekaa baharini miaka arobaini?

Ufundi usiolipa hauna mrithi. Kijana akiona mshipi unaleta heshima na shilingi, hatakuwa na haja ya kumsikiliza muuza baruti.

Naomba kuwasilisha.