MSIMAMO WA TAWI: DRONI ZA DAWA ZIJE NYASA, ILA ZITAMBULIKE



Mwaka 2018 droni ya majaribio ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Nasi tunaitaka Liuli na Lituhi.

Ila tuwe macho. Droni inayoongozwa kwa mtandao wa simu hubeba laini, na alama za vidole za usajili humtambulisha mwenye laini tu. Laini huchomolewa ikapachikwa droni nyingine! Ng'ambo ya ziwa ni Malawi. Askari akiona kitu angani usiku, atajuaje kama ni dawa?

Diwani wetu alifikishe barazani, TCAA na TCRA waandikiwe: utambulisho wa kila droni ufungwe ndani ya chombo chenyewe, mtandao uuhakiki pamoja na laini kabla haijaruka, na mtendaji wa kijiji apewe taarifa.

Katibu wa Tawi