Kubadilisha paswadi kusiwe kazi ya mtu wa saiba

Wasee wa Kapsoya, paswadi yako ya iTax iko wapi sai? Kama jibu ni "iko kwa jamaa wa saiba", hauko peke yako. Saiba mingi hapa mtaani na kule tao utapata daftari kando ya kompyuta. Ndani ni majina, nambari za kitambulisho na paswadi za KRA, HELB, eCitizen. Zote kwa kalamu, na daftari liko wazi mezani.

Simlaumu jamaa wa saiba. Anaandika kwa sababu mteja atasahau, kisha arudi tarehe 30 Juni jioni akilia kuhusu returns. Na siamini ile story eti wazee ni washamba wa teknolojia. Gogo yangu ana kabambe, na PIN ya M-PESA anabadilisha mwenyewe. Anafungua menyu kwa Kiswahili, anaweka PIN ya zamani, mpya, mpya tena, kwisha. Hakuna mtu alimpeleka kozi.

Sasa mkalishe mbele ya kompyuta. Kwa Windows kuna njia fupi: finya Ctrl, Alt na Delete pamoja, halafu uchague kubadilisha paswadi. Lakini nani anajua hiyo? Wengi wetu tunazijua hizo button tatu kwa kuua programu ikikwama. Tovuti nazo zinaficha mahali pa kubadilisha ndani ya profaili, ndani ya mipangilio, ndani ya usalama. Ukifika huko unaambiwa weka herufi kubwa, namba, alama, na isifanane na ya zamani. Mtu anaandika Kapsoya1. Ikiisha muda, Kapsoya2. (Kama ni yako, badilisha leo.)

Hiyo mambo ya herufi na alama ilienezwa na mwongozo wa 2003 wa Bill Burr, aliyekuwa akifanya kazi NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka wa 2017 mwenyewe alisema anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Mwaka huo huo NIST ikabadilisha msimamo: usilazimishe watu kubadilisha paswadi kila baada ya muda fulani, ila kama kuna dalili imevuja. Na urefu una maana kuliko alama.

Lakini paswadi iliyo kwa daftari la mtu mwingine imeshavuja. Hapo ndipo kubadilisha kunafaa kuwa rahisi, na hapo ndipo kunashinda watu. Link inatumwa kwa imeili, na imeili ilifunguliwa na jamaa wa saiba aliyehamia Langas kitambo. Mwanafunzi anabaki nje ya akaunti yake mwenyewe wakati HELB inafungwa. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, sawa, lakini haitakutafutia hiyo link.

Wanaotengeneza hizi tovuti waige tu M-PESA. "Badilisha paswadi" ikae ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, na nione ninachoandika. Aliyepoteza imeili apewe njia ya kujithibitisha kwa kitambulisho pale Huduma Centre. Laini ya simu pekee haitoshi, wezi wa laini wako.

Kabla wafanye hivyo, ukienda saiba wiki hii omba kiti. Jamaa akuelekeze, wewe uandike. Halafu umwambie akate jina lako kwa daftari ukiona.